AMANI YA NYUMBA: Mafundisho ya Wazee wa Kiyahudi kwa Wake, pamoja na Neno kwa Waume Wao

Somo hili ni kwa vikundi vya akina mama, kwa wainjilisti na kwa wazee wa kanisa. Yasomwe kwanza: Mwanzo 18:9–15, Hesabu 5:23, Mithali 31:10–31, Waefeso 5:21–33.



Kila mwaka mahindi yanapokwisha kuvunwa katika nchi yetu ya Songea, na magunia yanapopakiwa kwenda kuuzwa, sisi wachungaji twajua kwamba kazi ya barazani imeanza. Wakati wa kulima, mume na mke hushika jembe pamoja, na kidogo walicho nacho hula pamoja. Magomvi huwa machache. Bali fedha ikiingia nyumbani, maswali huingia nayo: nani aishike, ndugu wa upande gani wasaidiwe, na kwa nini baba amerudi usiku wa manane mifuko mitupu. Ndipo mke huja kwetu asubuhi, na mume huja jioni, na kila mmoja ana maneno yake, na maneno yale hayafanani.

Basi tumeona vema mwezi huu tufundishane habari ya amani ya nyumba, na mafundisho haya tuyatwae kwa wazee wa Wayahudi, ambao wameyafikiri kwa miaka mingi sana. Wao huiita amani hiyo kwa Kiebrania shalomu bayiti. Neno la kwanza ni ndugu wa neno letu salamu, lililotujia kwa Kiarabu. La pili maana yake ni nyumba. Kwao amani siyo kukosa kelele tu, bali ni kitu kilicho kizima, kisichopungua upande wowote. Tulikumbuke neno hili, maana mwishoni tutalirudia.

Huenda mtu akauliza: Je, Walutheri wajifunze kwa Wayahudi? Twajibu: Naam, kwani Sheria na Manabii tulivipokea kwao, naye Bwana wetu alizaliwa kwao na kulelewa na mama Myahudi. Ni kweli kwamba Martin Luther katika mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno makali yaliyoleta uovu mwingi. Lakini mwaka 1983, wajumbe wa Walutheri walipokutana na Wayahudi huko Stockholm, waliyakataa maneno yale na kukiri kwamba ni dhambi. Wala Wayahudi hawako mbali nasi kama tudhanivyo. Huko Mbale, Uganda, mkuu mmoja jina lake Semei Kakungulu, aliyekuwa kwanza Mkristo, alishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 pamoja na watu wake, nao huitwa Abayudaya. Idi Amin aliwakataza ibada yao, lakini hawakwisha. Mwaka 2004 wakulima wa kahawa katika watu hao walianzisha ushirika pamoja na majirani zao Wakristo na Waislamu, nao wakaupa jina la Kiganda, Mirembe Kawomera, maana yake amani iliyo tamu. Ndugu zetu wa Mbinga, walimao kahawa, wataelewa upesi: mti usiotunzwa mwaka mzima hauzai kitu kitamu. Ndivyo ilivyo amani.

1. Taa ya nyumba

Katika Talmudi, kitabu kikubwa cha mafundisho ya wazee wao, kuna swali linaloonekana dogo. Mtu maskini ana fedha ya kununua taa moja tu. Siku ile ni jioni ya Sabato, tena ni siku za Sikukuu ya Kutabaruku, ile inayotajwa katika Yohana 10. Kila moja ina taa yake iliyoamriwa. Afanye nini? Wazee walijibu kwamba anunue taa ya Sabato, ile iwakayo mezani nyumbani. Taa ya sikukuu hutangaza muujiza wa Mungu. Lakini taa ya mezani huwawezesha watu wa nyumba kuonana nyuso na kula pasipo kujikwaa gizani, nayo ni amani ya nyumba yao. Basi wakaitanguliza.

Tulifikiri sana neno hili, kwa sababu latugusa sisi wa kanisani. Wako akina mama wenye bidii, ambao Jumatatu wako kwaya, Jumanne wako maombi, Jumatano wako kikundi, na nyumbani mume na watoto hawajaonana nao uso kwa uso juma zima. Wako nao waume wanaotoa ahadi kubwa mbele ya usharika ili wasifiwe, na nyumbani ada ya mtoto haijalipwa, wala mke hakuulizwa. Hatusemi watu waache ibada wala sadaka. Twasema kwamba Mungu hakutaka taa yake mwenyewe iwashwe kwa mafuta yaliyonyang'anywa mezani pa nyumba.

Tena, katika nyumba za Kiyahudi ni kazi ya mke hasa kuiwasha taa ya Sabato Ijumaa kabla ya jua kuchwa. Mume naye ana kazi yake jioni ile: kabla ya kula, husoma au huimba ile sifa ya mke mwema iliyo katika Mithali 31, mbele ya watoto na wageni. Hata kama juma lile lilikuwa na maneno, lazima afungue kinywa amsifu. Tuwaulize waume wa Songea: Ni lini ulimsifu mkeo mara ya mwisho watoto wakisikia? Wako wanaomsifu siku ya mazishi tu, naye hasikii.

2. Neno lililosikiwa vibaya

Wazee husimulia habari ya mtu wa Babeli aliyeoa mke wa nchi ya Israeli. Lugha zao zilikaribiana, lakini hazikuwa moja. Mume akamwambia ampikie dengu mbili, akimaanisha dengu kidogo. Mke akapika punje mbili, hakuzidisha. Kesho yake mume, kwa hasira, akataja kipimo kikubwa, naye akapika kipimo kile chote. Siku nyingine akamtuma alete matango mawili madogo, lakini neno lile kwa lugha ya mke lilikuwa taa; akaleta taa mbili. Mume akakasirika kabisa, akamwambia aende akazivunje juu ya kichwa cha mlango, na kwa lugha yake mlango ulitwa bava. Basi mlangoni pa mji alikuwa ameketi mwamuzi mmoja, mzee aliyeheshimiwa sana, jina lake Bava bin Buta. Yule mke akaenda akazivunja taa zile juu ya kichwa chake.

Mzee alimwuliza sababu, naye akajibu kwamba ameamriwa na mumewe. Bava hakumfunga wala hakumtukana. Alielewa mara moja kwamba hapa hapana uovu, pana maneno mawili yaliyopishana. Akambariki apate wana wawili watakaofanana naye.

Hapa Songea twayaona mambo kama hayo kila siku. Mngoni ameoa Mmatengo, Myao ameoa Mnyasa, kijana wa Namtumbo ameoa binti aliyezaliwa mjini. Wote husema Kiswahili, hata hivyo kila nyumba ina lugha yake ya ndani. Kwao mmoja kunyamaza ni adabu. Kwao mwingine kunyamaza ni dharau. Kwao mmoja kuuliza fedha imekwenda wapi ni uangalifu. Kwao mwingine ni kumwita mume mwizi. Basi wazee wafundisha hivi: mke asikiapo neno kali, aulize kwanza maana yake kabla ya kujibu; na mume aonapo jambo la ajabu, aulize kwanza alichosikia mkewe kabla ya kuhukumu. Luther naye, katika ufafanuzi wa Amri ya Nane, atuagiza kulifafanua kila jambo la jirani kwa upande ulio mwema. Na jirani aliye karibu kuliko wote ni yule mnayelala naye chumba kimoja.

3. Neno lisilobebwa lote

Mlisoma katika Mwanzo 18 jinsi Sara alivyocheka moyoni. Alisema mambo mawili: kwamba yeye amekwisha kuchakaa, na kwamba bwana wake naye ni mzee. Lakini Mungu alipomwuliza Ibrahimu sababu ya kicheko kile, alilitaja la uzee wa Sara, na la uzee wa Ibrahimu akaliacha. Wazee wa Kiyahudi waliona jambo hili wakastaajabu, wakasema: Tazama ukuu wa amani, hata Mungu hakulibeba neno lote kutoka kwa mke hadi kwa mume.

Wake na wasikie hapa, tena mama wakwe na mawifi wasikie zaidi. Maneno mengi ya nyumbani hayana sumu yakiachwa pale yaliposemwa. Hupata sumu njiani. Mke aliyechoka husema jikoni neno moja juu ya mumewe; wifi hulichukua, hulipamba, na lifikapo kwa mume limekuwa kesi. Siyo uongo kuacha kulibeba neno. Na mke mwenye busara hapeleki kisimani aibu ya mumewe. Lakini angalieni: kuficha aibu ndogo ni jambo moja, na kuficha jeraha ni jambo jingine. Tutalifikia sasa hivi.

4. Mwalimu aliyetemewa mate

Habari hii ni ya wainjilisti na wazee wa kanisa. Rabi Meir, aliyeishi katika karne ya 2 baada ya Kristo, alikuwa akihubiri usiku wa Sabato. Mama mmoja alikaa kumsikiliza hata mwisho, na aliporudi nyumbani taa ilikuwa imezimika. Mumewe akamfungia mlango, akaapa kwamba hataingia mpaka amteme mhubiri yule mate usoni.

Rabi Meir alipolijua jambo lile, alijifanya mgonjwa wa jicho, akauliza kama yuko mwanamke ajuaye kuponya kwa kunong'ona dawa na kutema. Majirani wakamwambia yule mama kwamba mlango umefunguka. Alipofika mbele ya mwalimu akatetemeka, akakiri kwamba hajui uganga ule. Mwalimu akamwagiza ateme tu, tena mara saba; kisha akamtuma amwambie mumewe kwamba aliagiza mara moja, naye amefanya saba.

Wanafunzi wake walichukizwa kwa kuona heshima ya mwalimu imeshushwa. Akawajibu kwa habari ile ya Hesabu 5: kama Mungu alikubali Jina lake takatifu lifutwe ndani ya maji ili amani irudi baina ya mume na mke, Meir ni nani hata alinde heshima yake kuliko Muumba wake?

Ndugu wahudumu, tunapoketi kuamua magomvi ya nyumba, mara nyingi twaketi kama waamuzi wa heshima yetu. Mtu akikawia kuja, twakasirika. Akijibu kwa ukali, twamwandikia barua ya kumtenga. Rabi Meir hakuitisha baraza. Alitafuta mlango ambao mume yule angeweza kuufungua pasipo kuaibika, akalipa gharama yake kwa uso wake mwenyewe.

5. Kitu cha thamani kuliko vyote

Katika mji wa Sidoni palikuwa na mume na mke waliokaa miaka kumi wasipate mtoto. Wakaenda kwa Rabi Simeoni bin Yohai awaachanishe. Akawaambia kwamba kama walivyooana kwa karamu, waachane kwa karamu. Wakafanya hivyo, na mume, moyo wake ukiwa mwororo, akamwambia mkewe achague kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani mle, akichukue kwa baba yake. Usiku, mume alipolala usingizi wa divai, mke akawaagiza watumishi wamchukue na kitanda chake. Aliposhtuka usiku wa manane akauliza yuko wapi. Mke akamjibu kwamba yuko nyumbani kwa mkwewe. Maana aliambiwa achague, akatafuta, asione kitu cha thamani kuliko yeye. Wakarudi kwa Rabi Simeoni, akawaombea, nao wakapata mtoto.

Hatusifu divai ile. Lakini ni wake wangapi katika sharika zetu waliorudishwa kwao na kapu la nguo kwa sababu hawakuzaa, wala hapana aliyeuliza kama kasoro ni ya mume! Madaktari wanatuambia kwamba mara nyingi ni ya mume, au ya wote wawili. Yule mama wa Sidoni hakupiga kelele, wala hakunyamaza. Alitumia akili na upendo pamoja, akamwonyesha mumewe thamani ya ndoa ambayo yeye mwenyewe aliisahau. Huyo ndiye mke mwenye hekima kwa hesabu ya wazee: anajua kilicho cha thamani, naye ana ujasiri wa kukishika.

6. Mahali ambapo amani haipo

Sasa twafika neno lililotufanya tuandike somo hili. Miaka iliyopita mama mmoja alitujia usiku, kitambaa kichwani, akisema mumewe anampiga. Sisi tulimwambia avumilie, amwombee, asiitangaze nyumba yake. Tulidhani tunafundisha amani. Akatii, akarudi. Baada ya majuma mawili tuliitwa hospitali, tukamkuta mkono umevunjika. Hakutulaumu kwa neno lolote, alituangalia tu. Mtazamo ule tumeuchukua hata leo. Tulimwomba msamaha, naye akasamehe, lakini mkono ule haukunyoka vizuri.

Hata wazee wa Kiyahudi hawakuwa na neno moja juu ya jambo hili, na haifai tuwasingizie. Musa bin Maimoni, mwalimu mkuu aliyekufa Misri mwaka 1204, alifundisha kwamba mume amheshimu mkewe kuliko nafsi yake, ampende kama nafsi yake, aseme naye kwa upole, asimtie hofu. Na mke naye amheshimu mumewe mno. Maneno mazuri. Lakini katika kitabu kile kile aliandika kwamba mke anayekataa kazi zake aweza kulazimishwa hata kwa fimbo. Ndipo Abrahamu bin Daudi, mwalimu wa Ufaransa, akaandika pembeni kwamba hajapata kusikia fimbo kwa wanawake. Naye Meir wa Rothenburg, mwalimu wa Ujerumani aliyekufa mwaka 1293, alihukumu kwamba ampigaye mkewe aadhibiwe kuliko ampigaye mtu mwingine, kwa sababu mume ameamriwa kumheshimu. Katika Talmudi yenyewe mume huonywa ajihadhari asimwumize mkewe kwa maneno, kwani machozi yake ni ya karibu. Ikiwa neno tu lakatazwa, fimbo itapata wapi ruhusa?

Sheria ya nchi yetu nayo yasema wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yatamka kwamba hata kama mila yasema vingine, hapana mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Basi mwinjilisti akijiwa na mke aliyepigwa, asimwambie arudi akavumilie. Kwanza amtafutie mahali pa usalama na matibabu. Kisha ampeleke kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hapo ndipo azungumze na mume, siyo kabla. Usuluhishi ni wa watu wawili waliokosana. Anayepigwa hana kesi ya kusuluhishwa. Ana maumivu ya kukomeshwa.

Tulisema mwanzoni kwamba shalomu maana yake ni kitu kizima. Nyumba ambamo mmoja amenyamaza kwa hofu siyo nzima. Imepungua mtu mmoja. Nyumba ile ina kimya, haina amani.

7. Mambo ya kufanya

Wake na wafanye hivi. Mume aingiapo nyumbani, neno la kwanza lisiwe deni wala shtaka. Mambo mazito yawe na saa yake, watu wakiwa wameshiba. Mke asimwonye mumewe mbele ya watoto au rafiki zake. Asilibebe kila neno. Aulize maana kabla ya kukasirika. Na akiumizwa, aseme kwa mtu anayeaminika, wala asidhani kwamba kusema ni kuivunja nyumba. Aliyeivunja ni yule aliyeinua mkono.

Waume na wafanye hivi. Kabla ya gunia la kwanza kuuzwa, waketi na wake zao wapange fedha. Mke akiwa mfupi, wazee wasema, mume ainame asikie ushauri wake. Maana yake asione haya kushuka hata sikio lake lifike kinywani mwa mkewe. Wamsifu watoto wakisikia. Na wawe wa kwanza kuinunua taa ya nyumba.

Maswali ya kuzungumzia

1. Katika usharika wetu, ni mambo gani ya kanisani yanayoweza kuzima taa ya nyumba?
2. Tajeni neno moja ambalo mume na mke hulisikia tofauti katika nyumba zetu. Njia gani yafaa kuulizana maana?
3. Mzee wa kanisa aweza kuacha heshima gani ili mume na mke wapatane?
4. Mke aliyepigwa akija usiku wa leo mlangoni pako, atalala wapi?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno ya jumla. Kila usharika utaje nyumba, na wenye nyumba ile wakubali, kabla ya mkutano kufungwa. Bwana wa amani mwenyewe akae mezani penu. Amin.